Nguo ya Kisanduku cha Hewa

Niliporudi Buyenzi, nikiwa nimeshavuka miaka arobaini, nilikuta dirisha langu limepigiliwa misumari.

Nasema langu kwa sababu nililala chini yake utoto wangu wote. Ni dirisha la mbao la mabawa mawili, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mama mdogo, yeye aliyenilea, nalo linatazama magharibi. Zamani ukilifungua asubuhi uliona mabati ya majirani, halafu michikichi michache, halafu juu ya vyote hivyo milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Asubuhi nyingine milima ilionekana karibu hata ungedhani mtu wa kule akipiga chafya utamsikia. Mimi nadhani dirisha lile ndilo lililoniharibu. Nilianza kutaka kujua watu wa kule wanakula nini, na nilipomaliza shule ya sekondari nikavuka kwenda kuwauliza. Tangu siku hiyo sikutulia. Uvira, Kalemie, Lubumbashi, kisha Kigoma, kisha Bukavu, kisha Kigoma tena. Nimeuza betri, nimepakia saruji, nimeandikia watu barua. Kila mji niliutambua kwa pua kabla ya macho: Kalemie kwa dagaa, Lubumbashi kwa ule moshi wa madini unaokuna koo, Kigoma kwa mawese. Na kila mahali nilipolala, nililala nikikumbuka upepo wa dirisha lile.

"Nani amelifunga?" nilimwuliza mama mdogo, begi likiwa bado begani.

"Mi mwenyewe. Na nyundo yangu."

"Kwa nini?"

"Toka nje, zunguka nyumba, halafu uje uniulize tena."

Nikazunguka. Hatua kumi kutoka ukutani palikuwa na jalala la urefu wa mtu. Maganda ya ndizi, mashina ya sombe, yaani kisamvu, chupa za plastiki, matambara yenye oili kutoka gereji, nepi, mipira ya ndani ya baiskeli. Upande mmoja lilikuwa likifuka moshi polepole, kama mzee anayevuta kiko. Zamani, mama mdogo alinieleza, mkokoteni wa taka ulikuwa ukipita. Siku moja haukupita. Watu wakaweka taka pale pembeni kuusubiri. Walikuwa wameusubiri miaka sita.

Kwa hiyo yeye alikuwa analala katika chumba kisicho na pumzi, katika joto la Buyenzi ambalo wenyeji wanalijua. Kifua chake kilikuwa kimeanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Muuguzi wa zahanati alimwambia alale dirisha likiwa wazi. "Nikamujibu, dada, dirisha lipi?" alisimulia, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Aliponyamaza akafuta macho. "Mi sitaki kitu kikubwa, mutoto yangu. Nataka kulala na dirisha wazi mbele sijakufa. Basi."

Nilikuwa nimepanga kukaa miezi miwili tu. Nikaweka begi chini ya kitanda.

*

Sisi ni watu wasafi. Hili lazima niliseme mapema, kwa sababu kosa letu lote lilitoka humo.

Jumamosi asubuhi, kama mji mzima, tunafanya kazi za pamoja. Maduka yamefungwa, magari yamesimama, kila nyumba inatoa mtu na ufagio au jembe. Mtaa wetu unafagiliwa mpaka udongo unang'aa kama sakafu. Mifereji inazibuliwa. Majani yanafyekwa. Halafu uchafu wote tulioukusanya kwa juhudi ile tunaurundika pamoja na kuutia kiberiti, tukarudi nyumbani tumeridhika, tukioga moshi kabla ya kuoga maji. Ukisimama mlimani Kiriri, wanakokaa matajiri, Jumamosi saa nne unaweza kuhesabu mitaa ya chini kwa nguzo zake za moshi. Nilikuwa nimeishi miji mingi, sikuona mji unaojisafisha kwa bidii kiasi kile na kukohoa kiasi kile siku hiyo hiyo.

Mkuu wa mtaa, tunayemwita shefu, aligundua kwamba nina mwandiko mzuri, akanifanya mwandishi wa mikutano. Ndiyo sababu nilikuwepo siku alipokuja na mtumishi wa komine, yaani halmashauri yetu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa raba na shati lililopigwa pasi, kwapani amebana kisanduku cheupe kikubwa kama mkate wa sinia. Watu walimwita binti wa komine, na jina hilo likamkaa.

Walisimama nyuma ya nyumba yetu, karibu na jalala. Majirani wakajaa. Wa kwanza alikuwa fundi wa magari tunayepakana naye ukuta, mtu niliyesoma naye madrasa, ambaye hajawahi kunyamaza kwa muda wa kunywa chai.

"Hii inahesabu vumbi na moshi," alisema binti wa komine. "Inavuta hewa hapa chini, inapima, inaandika yenyewe ndani. Iko na betri. Tunaweka tatu: moja hapa, moja Kinama, moja Kiriri. Nyuma ya wiki sita tunakuja kusoma."

"Kiriri ya nini?" aliuliza fundi. "Wale kule wanavuta hewa ya kutoka kwenye frigo."

Watu wakacheka. Binti wa komine naye akacheka. "Kiriri ni ya kulinganishia tu, kaka. Sikia sasa. Komine imepata lori moja ya taka. Moja tu. Haiwezi kufika kila mahali. Itaanza mahali hewa ni mubaya kuliko pengine, kati ya hapa na Kinama. Itaondoa jalala, halafu itapita mara mbili kwa wiki, na ninyi mutaacha kuchoma. Ndiyo mapatano."

Nilimwona mama mdogo akilitazama jalala, kisha dirisha lake, kisha kisanduku.

"Tuiweke wapi?" aliuliza shefu.

"Hapa kwangu," alisema mama mdogo kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. "Ukuta ni yangu, musumari ninao, na macho ninayo."

Kikatundikwa chini ya ukingo wa bati, kando ya dirisha lililofungwa. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Binti wa komine akamshika mkono mama mdogo kwa mikono miwili.

"Mama, ninakuachia. Ni kitu ya watu, bei yake ni kali. Uichunge isiharibike."

"Ni amana," alijibu mama mdogo, na akavuta ushungi wake sawasawa kama mtu anayekula kiapo. "Utaikuta vile uliiacha."

*

Msomaji ambaye hajaingia nyumba ya mama mdogo inafaa aelezwe jambo moja. Katika nyumba ile kila kitu cha thamani huvaa nguo. Televisheni ina kitambaa chake cha kufumwa. Chupa ya chai ina sketi. Redio iliyokufa zamani bado ina shela lake jeupe, nadhani kwa heshima. Viti vina vitambaa mgongoni na mikononi, na rimoti imo ndani ya mfuko wa plastiki ambao haujawahi kuvuliwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani vitu vya dukani huzaliwa uchi na kazi ya mama ni kuvivalisha.

Kwa hiyo siku ya tatu, nilipomkuta amesimama juu ya kigoda akipima kisanduku kwa shibiri ya mkono, sikuuliza. Jioni alitoa satini ya zambarau iliyobaki kwenye harusi ya binamu yangu, akaikata, akaitia bitana ya kitambaa kizito, akapitisha mpira kwenye pindo. Kikavaa. Nguo ikakikaa vizuri kabisa, mabega na kiuno.

Hakukivalisha muda wote, maana alisema nacho kinahitaji kupumua. Alikuwa na saa zake. Alfajiri, majirani walipowasha makaa, alikivalisha. Moshi ukipungua alikivua. Jioni, fundi alipochoma matambara ya oili, alikivalisha tena. Na Jumamosi, kiberiti kilipotoka tu mfukoni mwa mtu yeyote, yeye aliacha ufagio na kukimbilia kigoda chake.

"Kitu nyeupe kama hii," aliniambia, "masizi yakiingia humo ndani, nitamurudishia nini yule binti?"

Mimi niliona jambo hilo kuwa la busara. Lazima nikiri. Jumamosi moja alikuwa amenogewa na mazungumzo upande wa barabara, moto umeshakolea, na mimi ndiye niliyempigia kelele: "Mama mdogo, kisanduku!" Akashukuru. Mtu aliyemaliza sekondari, aliyetembea nchi tatu, na sikuwaza hata kidogo.

Wiki zilienda. Nilifundisha majirani wawili kusoma mita ya umeme, niliwaandikia watu maombi ya vitambulisho, na miguu ikaanza kuniwasha. Rafiki wa Kigoma alinipigia simu kuhusu kazi ya bandarini. Mama mdogo alisikia, maana katika nyumba ile husikika kila kitu.

"Lori ikija," aliuliza akichambua mchele, bila kuinua macho, "nani atang'oa misumari yangu?"

"Mimi."

"Basi usisafiri mbele ya lori."

Nikamwahidi.

*

Mkutano wa kusoma matokeo ulifanyika Jumapili alasiri kwenye darasa la shule ya msingi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mimi nilikaa mbele na daftari langu. Mama mdogo alikaa dawati la kwanza, amevaa kitenge kipya. Alikuwa amekipangusa kisanduku kwa kitambaa kibichi asubuhi ile, akakikabidhi kinang'aa, na binti wa komine alikuwa amekisifu sana.

Binti alibandika karatasi ubaoni. Ilikuwa na mistari mitatu, mwekundu, wa buluu na wa kijani, inayopanda na kushuka.

"Ukipanda, hewa ni mubaya. Ukishuka, ni nzuri," alisema. "Muone hapa katikati. Wiki hii mistari yote mitatu imelala chini. Kinama, Buyenzi, hata Kiriri."

"Ile ni wiki ya petroli kukosekana," akasema fundi. "Gari zote zilikuwa kwenye foleni zimezimwa. Muiandike hiyo, mwandishi: ukosefu wa petroli ndiyo shefu ya hewa."

Darasa likacheka, shefu akagonga meza. Binti wa komine akangoja, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa kijani.

"Huu ni wenu. Mi mwenyewe nimeshangaa. Asubuhi mapema, saa ya makaa, unashuka. Jioni unashuka. Na Jumamosi, kutoka saa tatu mpaka saa sita..." Alitikisa kichwa. "Jumamosi hewa yenu ni safi kuliko ya Kiriri."

Darasa lililipuka. Watu walipiga makofi, mwanamke mmoja wa nyuma akapiga vigelegele. Fundi alisimama juu ya dawati. "Kuanzia leo munisalimie kwa adabu! Mi ni mutu ya Kiriri! Nyumba iko chini lakini pua iko mulimani!"

Nami niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri: Hewa ya mtaa imeonekana kuwa safi. Wakazi wamefurahi.

"Kwa hiyo," alisema binti wa komine makofi yalipopungua, "lori itaanza Kinama. Ninyi hamuna haraka. Pengine mwaka ujao."

Vigelegele vikakatika. Nikainua macho kutoka kwenye daftari, nikamwona mama mdogo. Alikuwa anatazama mstari wa kijani, jinsi unavyoshuka alfajiri, jinsi unavyoshuka jioni, jinsi unavyolala kabisa Jumamosi kuanzia saa tatu, na mkono wake ulikuwa umepanda mdomoni. Nikautazama tena mstari. Zile zilikuwa saa za kigoda. Nikakumbuka sauti yangu mwenyewe ikipiga kelele.

Niliinama nikamnong'oneza, "Mama mdogo, nitaongea naye baadaye, sisi wawili tu."

"Apana," alisema. "Walipiga makofi mbele ya watu."

Akasimama. Alisimama polepole kwa sababu dawati lilikuwa limembana, na watu wakadhani anataka kushukuru.

"Binti yangu," alisema, "ile hewa si ya mutaa. Ni hewa ya ndani ya nguo."

Binti wa komine hakuelewa. Mama mdogo akafungua mkoba wake, akatoa ile satini ya zambarau, imekunjwa mara nne, imefuliwa na kupigwa pasi, akaiweka mezani mbele ya watu wote.

"Mi ndiye nilikivalisha. Kila moshi ukija. Uliniambia kisiharibike, nami nilisema ni amana. Sikujua kazi yake ni kuchafuka."

Sijui ni nani aliyeanza. Nadhani ni shefu, ambaye hatujawahi kumwona akicheka kwenye mkutano. Darasa zima lilicheka mpaka madawati yakalia. Fundi alishuka chini taratibu, mtu aliyepoteza nyumba Kiriri. Binti wa komine aliichukua ile nguo, akavuta mpira wa pindo, akaingiza ngumi ndani akaona bitana, kisha akakaa chini akifuta machozi. Lakini mama mdogo hakucheka. Alibaki amesimama, na nilijua anachofikiri. Lori moja, na yeye amelifukuza kwa sindano yake mwenyewe.

"Mama, kaa," alisema binti alipopata sauti. "Hakuna mutu alisema uongo hapa. Kosa ni yangu, sikukueleza. Kinama wamengoja wiki sita, watangoja nyingine ine. Nitairudisha ukutani. Lakini safari hii, mama, naomba ikae uchi."

"Uchi?"

"Uchi."

"Kwenye masizi yale?"

"Ndiyo kula yake, mama."

Nikafuta sentensi yangu kwa mstari mmoja. Juu yake nikaandika: Kipimo kitarudiwa, kisanduku kikiwa wazi.

*

Wiki zile nne zilimtesa kuliko miaka sita ya jalala. Alikuwa akikaa uani mgongo ukielekea kisanduku, lakini kila moshi ulipopita shingo yake iligeuka yenyewe. Kilikuwa kimeanza kuwa rangi ya kijivu upande wa chini. "Tazama," aliniambia, "kama mutoto asiye na wenyewe." Siku moja nilimkuta amesimama na kitambaa kibichi mkononi. Aliponiona, akapangusa ukuta.

Fundi ndiye aliyekuja na wazo. Alikuja Alhamisi, akivingirisha tairi bovu kwa mguu, akaliegemeza chini ya kisanduku kabisa.

"Mama, hii tukiichoma hapa saa moja tu, ule mustari utatoka nje ya karatasi. Lori itakuja imewasha taa na honi."

Mimi, Mungu anisamehe, nilianza kutafuta kiberiti.

"Toa hiyo," alisema mama mdogo.

"Lakini mama, si unataka dirisha?"

"Ninataka. Kile cha nguo nilikosa bila kujua. Hiki cha tairi ninakijua tangu sasa. Na huko Kinama kuna mama kama mi, naye iko na dirisha yake. Unataka nimuibie kwa moshi?" Alilisukuma tairi kwa mguu. "Na we musafiri, rudisha kiberiti jikoni. Umeona dunia yote na hauna haya."

Fundi alilivingirisha tairi lake kurudi gereji akinung'unika kwamba wazee wa Buyenzi watawaua watoto wao kwa uaminifu. Lakini jioni ile hakuchoma matambara. Alisema alisahau.

Binti wa komine alirudi na karatasi mpya. Hakuita mkutano. Aliitandaza juu ya meza yetu, katikati ya vitambaa vya kufumwa. Mstari wa kijani alfajiri ulipanda, jioni ulipanda, na Jumamosi ulisimama wima kama mnara. Mstari wa Kinama ulikuwa juu pia, lakini chini ya wetu kwa upana wa kidole.

Mama mdogo aliutazama muda mrefu. "Hii ndiyo tunavuta?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote?"

Binti aliikunja karatasi polepole. Kisha akasema kwamba ameongea ofisini. Lori litaanza kwetu, lakini safari yake ya pili ya wiki litaenda Kinama, kwa sababu tofauti ilikuwa ndogo. Mara moja kwa kila mtaa, badala ya mara mbili kwa mmoja. Je, sisi tunaweza kujitahidi na mara moja?

"Tutaweza," alisema mama mdogo, na ndani ya neno hilo nilimsikia yule mama wa Kinama ambaye hatumjui.

*

Tuliweza kwa namna yetu. Shefu alipitisha, nami nikaandika, kwamba maganda na majani yasiende jalalani tena. Anayefuga mbuzi achukue. Mbuzi wa mtaa wamenenepa. Fundi na wenzake wanaweka matambara ya oili kwenye pipa lenye kifuniko. Jumamosi tunafagia kama zamani, lakini tunarundika barabarani, na kiberiti hakitoki. Jumamosi ya kwanza bila moto watu walisimama na mafagio yao wasijue kazi imekwisha au la. Mzee mmoja aliuliza, "Sasa tunaenda nyumbani hivi hivi?" Hali haikuwa nyoofu siku zote. Lori liliruka wiki mbili kwa sababu ya petroli, na mtu mmoja, sitamtaja, alirudia kiberiti. Mama mdogo alimwendea na ndoo ya maji, hakumpa hata salamu.

Kuliondoa jalala lenyewe kulichukua siku tatu za lori na majembe ya mtaa mzima. Chini kabisa tulikuta gurudumu la mkokoteni.

Alasiri ya siku ya tatu nilichukua koleo la fundi nikaingia chumbani. Misumari ilikuwa kumi na mmoja. Mama mdogo hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu. Kumi ilitoka. Wa kumi na moja ulikatika kichwa, na mbao zilikuwa zimevimba na kushikana, kwa hiyo fundi akaja na nondo, akaitia kwenye ufa, akasema bismillahi, akasukuma. Bawa moja lilifunguka kwa kishindo, vumbi la miaka sita likatumwagikia sote. Tukakohoa, tukacheka. Mama mdogo alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini, kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Milima haikuonekana. Kwanza ilikuwa kiangazi, na watu wa milimani huchoma mashamba, kwa hiyo ng'ambo yote ilikuwa ukungu wa kahawia. Halafu mtu amejenga nyumba ya ghorofa mbele pale, yenye dishi. Niliinamisha kichwa huku na huku nikitafuta Kongo yangu, sikuipata. Nilipata kipande cha mbingu, mbuzi aliyesimama palipokuwa jalala akishangaa, na upepo. Upepo ulikuwa ule ule. Ulitoka ziwani ukiwa na harufu ya maji na ya mtu anayekaanga vitunguu.

"Huyu anaunguza," alisema mama mdogo, akivuta kwa pua. Akavuta tena. Kisha akalala kwa ubavu, viatu miguuni, uso kwenye dirisha, na mimi na fundi tukatoka kwa ncha za vidole kama wezi. Alilala mpaka adhana ya magharibi. Nilikuwa sebuleni nikisikiliza, na sikusikia kikohozi.

Asubuhi alikuwa amekasirika. "Hewa imeingia, na mbu nao wameingia. Tazama mikono yangu."

"Nilifunge?"

"We funga mudomo."

Rafiki wa Kigoma alipiga simu tena wiki ile. Nilimwambia nitamjibu, na bado sijamjibu. Kisanduku kilihamishiwa mtaa mwingine. Binti wa komine alipokuja kukichukua, kikiwa kijivu kama paka wa jikoni, mama mdogo alimpa na ile nguo ya zambarau. "Ya kuvaa njiani tu," alimwonya. "Akifika, mumuvue."

Kisha akarudi chumbani, akatoa boksi lake la nguo. Alikuwa amenunua sokoni kipande cha wavu mweupe, mwembamba, wa kukata kuwa pazia, maana dirisha sasa lilikuwa kitu cha thamani na haliwezi kukaa uchi. Lakini hakuanza kushona mara moja. Aliuinua mbele ya uso wake kwa mikono miwili, akaniita nisimame upande wa pili, karibu, karibu zaidi. Akapuliza.

"Imefika?" aliuliza.

Pumzi yake ilikuwa imefika, ya moto kidogo, yenye harufu ya tangawizi.

"Imefika," nikasema.

Ndipo akatia uzi kwenye sindano.